Kiti Chako Kipo

Holmvik, Minnesota
14 Septemba 1981

Dada Verna,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na shemeji Raymond anapumua vizuri kuliko mara ya mwisho binti yenu alipoongea na Marlys. Sisi tupo. Marlys anakusalimu. Ndiye aliyenishauri nikuandikie badala ya kupiga simu. Anasema, "Nyie wawili kwenye simu mnaongea habari za baridi na joto mpaka mmoja anakata. Mke wa mtu anaweza kuzeeka akiwasikiliza." Kwa hiyo habari za baridi tuzimalize hapa: jana asubuhi umande uliganda kwenye nyanya, na nyanya ndiyo basi.

Baba anatimiza themanini na mmoja mwezi ujao. Tangu Juni yuko kwenye nyumba ya wazee ya kanisa, miguu imegoma. Akili ipo yote, na ulimi upo wote. Wauguzi wanamwogopa. Chumbani kwake wamempa kitanda na kabati tu, kwa hiyo nimempelekea kile kiti cha Mama cha kwenye kibanda cha tiketi, chenye mto wa kijani, nipate pa kukalia nikienda kumwona. Naenda kila siku saa nne asubuhi.

Sasa jambo lenyewe. Jumba letu la sinema nalifunga. Watu wanaendesha gari hadi kwenye kumbi mpya za barabara kuu, na mimi siwezi kuwalaumu, hata Marlys ameshaenda mara mbili akidhani sijui. Jengo litabomolewa Machi. Lakini Krismasi hii tutaonyesha "Gari Moshi la Desemba" kwa mara ya mwisho, Jumatano tarehe 23, saa nane mchana, kama kila mwaka tangu Baba anunue ule mkanda. Gunnar wa benki ataivaa tena kofia ya mkuu wa stesheni na kupuliza filimbi gari moshi linapokwama kwenye theluji. Bergit Aasen atapika kahawa ile ya kuzibua masikio. Mikate ya viazi itapita kutoka safu hadi safu, na watu wazima wenye wajukuu watasema maneno ya filamu kabla ya wachezaji wenyewe hawajayasema. Hutaamini, Verna, mwaka jana walicheka pale abiria mnene anapokalia keki ya maharusi kana kwamba hawajapata kuiona keki ile maishani.

Na kwenye ule wimbo alioupenda Mama bado tunafanya vilevile. Pale palipo na pengo Baba aliunganisha mkanda mtupu, urefu uleule, kwa hiyo pazia linakuwa jeupe dakika nne na watu wanauimba wenyewe. Wanamwimbia Mama. Siku hizi televisheni inauonyesha wimbo mzima na kila mtu ameshausikia, lakini hapa hakuna anayeutaka ule wa televisheni.

Njoo. Miaka ishirini na minane inatosha. Baba hasemi, lakini juzi aliuliza kama basi la kutoka kusini bado linasimama mbele ya duka la dawa.

Mdogo wako,
Orrin


Tucson, Arizona
11 Oktoba 1981

Mdogo wangu Orrin,

Barua yako niliipata zamani, usinune. Huku salama, tunamshukuru Mungu. Raymond sasa ana mtungi wa hewa wenye magurudumu, anauita mbwa wake. "Ngoja nimtoe mbwa nje," anasema, kisha anakwenda hadi kwenye geti na kurudi, na hiyo ndiyo safari ya siku nzima. Watoto wazima. Binti mdogo ameposwa na kijana wa hukuhuku, ambaye mama yake anapika mchele na maharagwe vizuri kunishinda mimi, na hanifichi kwamba analijua hilo. Joto bado kali. Nyanya zenu zimekufa kwa baridi, zetu zimekufa kwa jua.

Mpe Marlys pole kwa kuolewa nawe.

Habari ya sinema imeniuma. Nakumbuka harufu ya bisi na makoti ya sufi yaliyoloa theluji. Huku nasi tunaitazama, Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi, kwenye televisheni. Raymond anavaa kofia ya karatasi na kuimba nyimbo zote kwa sauti ya fundi wa ndege, maana hajui kuna sauti nyingine. Watoto walipokuwa wadogo walipanga viti vya jikoni viwe behewa, na mimi nilikuwa mkagua tiketi. Ni raha, Orrin. Nisikudanganye, ni siku ninayoipenda kuliko Krismasi yenyewe. Ila ikifika ule wimbo huwa nina vyombo vya kuosha.

Kuja sitaweza. Raymond hawezi kupanda basi na mbwa wake, na siwezi kumwacha. Na tusisahau jinsi nilivyoondoka. Baba alisema mlangoni kwamba akiniona na huyo Mkatoliki wangu kwenye barabara yake atatupita kama nguzo za simu. Hajapata kuniandikia kwamba amebadili mawazo. Wewe ulikuwa na miaka kumi na saba, ulikuwa juu kwenye mashine, labda hukusikia.

Mpe salamu ukiona inafaa.

Verna


Holmvik
20 Oktoba 1981

Dada,

Tumefurahi kusikia habari za uchumba, na pole kwa shemeji, mwambie mbwa asimlegezee kamba. Huku theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka. Marlys amejikata kidole akimenya viazi, mishono miwili, na amenilaumu mimi niliyekuwa chumba kingine.

Salamu nilimpa Baba siku yake ya kuzaliwa. Akauliza, "Ana afya?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama yake alikuwa na afya pia." Basi, tukatazama dirishani.

Nikamweleza kuhusu tarehe 23, kwamba nimeomba gari la kanisa lenye ngazi ya umeme, atakuja kukaa mbele kabisa. Nilidhani atafurahi. Unajua alisema nini? "Nije kuangalia shimo ulilolichoma?"

Nimechoka, Verna. Sijawahi kukuandikia habari hii kwa sababu ni ya aibu, lakini sasa ngoja niseme. Siku ile ulipoondoka, tarehe 23 Desemba 1953, Baba aliendesha mashine mwenyewe. Ilipofika zamu ya ule wimbo, mkanda ukaruka. Yule binti wa kwenye filamu alikuwa ameshika sahani, mara yuko mlangoni anaaga watu. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Mama alikuwa nyuma na birika la kahawa. Akaanza kuuimba peke yake, polepole, "Sahani yako ipo, kiti chako kipo," na watu wakamfuata. Ndivyo desturi ilivyoanza. Mama aliimba mara hiyo moja tu, Machi tukamzika.

Mkanda niliurudisha mimi kwenye gurudumu lake usiku uliotangulia. Hakuna mwingine aliyeugusa. Baba aliamua kwamba niliacha mashine peke yake nikaenda kuvuta sigara na Gunnar, mkanda ukamwagika sakafuni, nikaukanyaga, ukachanika, nikakichoma kipande motoni kwa kificho. Nilikana. Akanipiga kofi kwa kukana. Mama akasema, "Mwache mtoto, Arvid," na Baba hakuniacha hadi leo. Miaka kumi na moja hakunikubalia nishike mashine, nilifagia bisi. Nilipata nafasi ya kwenda kusoma umeme mjini, nikabaki, kwa sababu nilidhani nikibaki atajua mimi si mtu wa kuacha kitu kiharibike. Upumbavu, sivyo? Nimemlisha uji mwaka huu wote na bado mimi ni yule aliyechoma wimbo wa Mama.

Sitaki jengo wala mashine zake. Nataka aseme mara moja tu, kabla hajafa, "Orrin, hukufanya wewe." Hata kama hatajua nani alifanya.

Njoo umwambie wewe. Wewe ulikuwa kipenzi chake. Mwambie tu kwamba unanijua.

Orrin


Tucson
16 Novemba 1981

Mdogo wangu,

Raymond alilazwa siku tisa, ametoka. Amekonda, lakini analalamikia chakula, kwa hiyo anapona. Harusi wameipeleka Aprili. Padri wetu mpya ni kijana, anahubiri dakika nane tu, sisi wazee tunamwombea maisha marefu. Nimetengeneza jamu ya matunda ya mpungate, ule mti wa miiba wa jangwani, nitawatumia. Kuna paka amezaa kwenye gereji.

Nimeshaandika kurasa mbili za namna hiyo na kuzichana.

Orrin, ni mimi.

Usiku ule ulipomaliza kurudisha mkanda ulishuka kula. Nilipanda juu. Unajua Baba hakuruhusu mwanamke akanyage chumba cha mashine, alisema nywele na sketi ni hatari. Mimi nilikuwa nimepanda mara nyingi ninyi mkiwa kanisani. Nilifungua gurudumu la nne, nikapeleka mkanda mbele ya taa hadi nikamwona yule binti na sahani, nikakata kwa mkasi wa Mama wa kushonea, mwanzo wa wimbo na mwisho wake. Nikaunganisha ncha zilizobaki kwa gundi, nikaviringisha kipande, nikakitia kwenye kopo la biskuti, nikashuka. Asubuhi nikapanda basi na Raymond.

Nilisema moyoni, kama hanitaki mimi, basi na wimbo huo asiusikie. Na nilitaka kitu cha Mama. Ndiyo sababu zote mbili, usinichagulie moja.

Sikujua watakulaumu wewe. Halafu nikajua. Mama aliniandikia Februari, barua fupi, mwandiko wake ulishaanza kutetemeka: "Kama ni wewe, mwanangu, sema. Mdogo wako anaumia." Niliiweka ile barua mezani nijibu kesho. Nikaiweka tena kesho. Machi ikaja simu ya maandishi kwamba amekufa. Nikaona nikisema sasa, nitakuwa nimemuua mara ya pili. Hiyo haina maana, najua. Lakini ndivyo nilivyofikiri, na mtu akishanyamaza mwaka mmoja, wa pili ni rahisi.

Msomee Baba barua hii. Yote. Nimeandika jina langu chini kikamilifu kama mahakamani.

Verna Inga Tveit Delgado


Holmvik
24 Novemba 1981

Verna,

Tuko wazima. Theluji imefika kwenye madirisha ya chini.

Barua yako ilipofika niliisoma nimesimama kwenye ukumbi mtupu, nikaenda nikakaa safu ya tano, nikasoma tena. Marlys alinikuta hapo. Aliisoma, akaikunja, akasema, "Bora asije. Akija nitamtia kwenye ndoo ninayolowekea samaki kwa magadi." Ndivyo anavyokupenda kwa sasa. Mimi sijui nikuambie nini. Kuna saa nataka kukutukana na kuna saa nataka kukubusu mikono, maana umesema. Miaka ishirini na minane nimekuwa nikijiuliza kama labda kweli niliondoka, labda kweli nilivuta ile sigara. Gunnar mwenyewe hakumbuki.

Nilimpelekea Baba. Nilikaa kwenye kiti cha Mama, nikamsomea neno kwa neno, hata yale ya paka. Nilipomaliza alinitazama, nikafikiri, sasa linakuja lile neno.

Akasema, "Umemwomba akuandikie."

"Hapana, Baba. Tazama, mwandiko wake, jina lake."

"Verna hajapata kukanyaga chumba cha mashine. Mtu mzima ovyo, unamfanya dada yako mwongo ili wewe uwe msafi. Toka."

Nikatoka, Verna. Nina miaka arobaini na mitano na nikatoka kama nilivyoambiwa.

Kwa hiyo barua haitoshi. Nahitaji mkanda wenyewe. Kama unao, utume. Umwone yule binti na sahani yake kwa macho yako mwenyewe, kisha funga vizuri uutume mara moja. Posta hawapokei mikanda ile ya zamani, inashika moto kama petroli, kwa hiyo andika ni biskuti. Nitauunganisha mahali pake. Nimeshasafisha kiunganishio, nimenunua gundi mpya. Tarehe 23 Baba atakaa mbele kabisa, gurudumu la nne litazunguka, pazia halitakuwa jeupe, na hapo hatahitaji barua ya mtu. Sijamwambia yeyote isipokuwa Marlys. Silali kwa furaha. Nilishasahau furaha inavyomnyima mtu usingizi.

Niambie tu kwamba uliuweka mahali pa baridi.

Orrin


Tucson
7 Desemba 1981

Orrin mpendwa,

Raymond ni yuleyule. Jirani zetu wameuzungushia taa za rangi mpungate mkubwa wa mbele, unaonekana kama askari aliyelewa. Watoto watakuja Jumapili ya filamu, nitawapikia mahindi ya kufunga kwenye majani, kama wanavyofanya watu wa hapa.

Nimetuma kopo leo. Limeandikwa biskuti za tende. Ni kopo lilelile la mwaka ule, lenye picha ya farasi. Karani wa posta alilitikisa sikioni akasema, "Mama, hizi zimevunjika." Nikamwambia zilivunjika siku nyingi.

Usilifungue mbele za watu. Na usimwahidi Baba kitu.

Ulivyouliza kuhusu baridi: lilikuwa juu ya tangi la maji ya moto, nyuma ya mapambo. Nililifunga na utepe pande zote, watoto wasilifungue. Nami sikulifungua.

Jamu imo pia.

Verna


Holmvik
4 Januari 1982

Verna,

Marlys alikupigia simu mara tatu. Mara ya tatu ulishika, ukasikia Baba amefariki, ukakata. Kwa hiyo unajua. Tulimzika Jumamosi. Nakuandikia yaliyotangulia, kwa sababu hakuna mwingine wa kuyaandika.

Kopo halikufika kabla ya tarehe 23. Posta ilikuwa imezidiwa na sikukuu, nilikwenda kuuliza kila asubuhi hadi wakawa wananipungia mkono kutoka ndani. Tukaonyesha filamu ikiwa na pengo lake. Ukumbi ulijaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi. Kulikuwa na watu waliotoka majimbo ya mbali, waliobeba watoto na mablanketi. Gunnar alipuliza filimbi hadi meno ya bandia yakamtoka, yakaangukia kwenye bisi za mchungaji, na watu wakacheka kiasi kwamba nusu ya gurudumu la kwanza hatukuisikia. Hata mimi nilicheka, huko juu peke yangu. Kama ungekuwapo ungejikojolea. Nasema hivi ili ujue ilikuwa siku nzuri.

Baba alikuwa mbele, blanketi magotini. Pazia likawa jeupe. Watu wakasimama wote na kuimba, watu mia tatu, Bergit akianza kwa sauti yake ya kanisani. Nilitazama kupitia tundu la mashine. Baba hakuimba. Alikaa ameelekeza uso kwenye weupe ule dakika zote nne. Nilipomrudisha kwenye gari nikamuuliza, "Umependa, Baba?" Akasema, "Wanaimba vizuri. Inabidi."

Asubuhi ya tarehe 24 kopo likaja.

Nilijua nilipotoa utepe wa kwanza. Na wewe ulijua ulipokuwa unaandika ni biskuti. Ile harufu, Verna. Baba alitufundisha sote wawili ile harufu tukiwa hatujaanza shule, ya soksi zilizooza na kafuri. Alitufundisha mkanda unataka baridi na unataka kupumua. Ukauweka juu ya moto na kuufunga utepe. Ndani kulikuwa na unga wa kahawia, kama kahawa iliyosagwa, na ulimwagika mezani kwangu nilipouinamisha. Nilikaa nikiushika kwa vidole. Marlys alikuja kunifuta machozi kwa aproni yake, nikamkemea, nikamwomba radhi.

Katikati kabisa, pale ulipoanzia kuuviringisha, kulikuwa na kipande kizima kirefu kama kidole changu. Picha tano. Nikaziinua mbele ya dirisha. Yule binti ana sahani mkononi na mdomo wake uko wazi. Alikuwa hajamaliza neno la kwanza.

Nikavaa koti nikaenda. Ilikuwa saa nne kama kawaida. Baba alikuwa ameegemezwa kwenye mito, ananyolewa. Nikasubiri muuguzi amalize, nikaweka kopo kifuani pake. Akanusa kabla sijalifungua. "Umeoza," akasema. Nikampa kile kipande. Akakiinua kwenye mwanga, mkono umenyooka vizuri kabisa, jicho moja limefumbwa kama zamani. Akapitisha kidole gumba ukingoni, mahali pa mkasi. Akageuza kopo, akaiona picha ya farasi, akaangalia anwani yako.

"Verna?" akasema.

"Ndiyo, Baba. Ni Verna."

Akaanza kucheka. Sijamsikia akicheka tangu majira ya kuchipua. Alicheka hadi akakohoa, na machozi yakashuka kwenye povu la sabuni lililobaki. "Alipanda," akasema. "Kale kasichana kalipanda kwenye mashine yangu. Kakamchukulia mama yake wimbo wake. Miaka yote hii anao! Ana roho yule. Ana roho kuliko ninyi wote."

Nikasubiri. Uliniandikia kwamba mtu akishanyamaza mwaka mmoja, wa pili ni rahisi. Basi kusubiri nako ni vivyo hivyo. Nilisubiri acheke amalize. Halafu nikaona halitakuja lenyewe, nikasema mimi. Nilisema, "Baba, ulisema ni mimi. Miaka ishirini na minane."

Akanitazama kama mtu aliyekatizwa mazungumzo. "Lakini ulikuwa na tabia ya kuiacha mashine peke yake," akasema. Akarudi kwenye picha zake tano.

Ndilo jibu lote nililopata. Nimekuandikia kama lilivyo.

Kisha akauliza unakuja lini. Nikamwambia Raymond ni mgonjwa. Akasema, "Aje naye, tutampa kahawa." Mkatoliki wako, Verna. Nilivuta kile kiti cha Mama nikae. Akanyoosha mkono. "Usikae hapo. Hicho ni cha Verna. Kiweke kielekee mlangoni."

Nikakigeuza kikaelekea mlangoni. Sikukuu yote nilisimama. Siku ya Krismasi nilimlisha nimesimama. Tarehe 26 alianza kuhema vibaya, nikasimama ukutani, na kila mlango ulipofunguliwa alifumbua macho. Tarehe 27 mchana hakufumbua tena. Kile kipande kilikuwa mkononi mwake, wauguzi wakakitoa, nimekifunga humu ndani ya karatasi. Ni chako, kama alivyosema kiti ni chako. Kiweke mahali pa baridi.

Jana nilikwenda kuchukua vitu vyake. Havikujaza hata sanduku. Muuguzi kijana alinisaidia kubeba, akagusa ule mto wa kijani akaniuliza, "Na hiki kiti ni chako?"

Nikamwambia hapana, ni cha dada yangu. Nimekileta nyumbani. Kiko jikoni, na mpaka sasa sijakikalia.

Orrin